Kitabu Kikikuboa, Andika

Tarehe 26 Desemba 1662, karani mmoja wa serikali jijini London alinunua kitabu kipya ambacho watu walikuwa wameanza kukisifia. Kiliitwa Hudibras, utenzi wa dhihaka wa Samuel Butler. Bei yake ilikuwa shilingi mbili na peni sita. Akakifungua, akasoma, akaona ni upuuzi, mpaka akaona aibu kuwa nacho. Siku hiyohiyo akamuuzia mtu mwingine kwa peni 18. Kwa pesa za wakati ule shilingi moja ilikuwa peni 12, kwa hiyo jamaa alikula hasara ya shilingi nzima ndani ya siku moja.

Haikuishia hapo. Februari 1663 akakinunua tena. Sifa za kitabu zilikuwa zimezidi, naye akaanza kujiuliza kama tatizo ni kitabu au ni yeye. Akarudia kusoma. Wapi. Novemba sehemu ya pili ilipotoka, safari hii akawa mjanja, akaazima kwanza. Lakini Desemba akaenda kununua sehemu zote mbili, kwa kuwa ndicho kitabu kilichokuwa kwenye fasheni, huku akikiri kwenye daftari lake kwamba bado haoni uchekeshaji wenyewe uko wapi.

Karani huyo ni Samuel Pepys, mtoto wa fundi cherehani aliyepanda hadi kuwa mtu mzito kwenye ofisi za jeshi la majini la Uingereza. Aliandika shajara kuanzia 1660 hadi 1669, kwa hati mkato, akaacha kwa kuogopa kupofuka. Daftari hizo zilikaa Cambridge karibu miaka mia bila mtu kuzisoma vizuri, mpaka mwanachuo mmoja choka mbaya, John Smith, alipopewa kazi ya kuzifumbua. Alihangaika nazo kama miaka mitatu, kuanzia 1819. Kumbe kitabu kinachofundisha hati mkato hiyo kilikuwa kwenye maktaba ya Pepys mwenyewe, palepale, na Smith hakujua. (Nadhani kila aliyewahi kukesha na swali ambalo jibu lake lilikuwa ukurasa wa pili wa desa atamwelewa.)

Kwa nini nawaletea habari za Mwingereza wa miaka zaidi ya 350 iliyopita? Kwa sababu hiki kisa cha Hudibras ndicho kinachotukuta sisi kila muhula, tofauti ni kwamba yeye aliandika na sisi hatuandiki. Tunapewa kitabu ambacho dunia nzima inakisifia. Tunakisoma, au tunasoma desa lake. Hatukioni utamu wake. Halafu kwenye mtihani tunaandika kwamba ni kazi bora iliyosheheni tamathali za semi na yenye mchango mkubwa kwa jamii. Tulichofikiri kweli kinakufa siku ileile tunaporudisha kitabu.

Hoja yangu ni kwamba hilo ni hasara kubwa kuliko tunavyodhani. Ni hasara kwetu kama wasomaji, na ni hasara mara mbili kwa sisi wa kitivo cha elimu ambao kesho tutasimama mbele ya watoto kuwafundisha kusoma.

Mauzo hayasemi kila kitu

Wanahistoria wana tatizo moja. Wakitaka kujua watu wa zamani walichapisha nini, kumbukumbu zipo. Wakitaka kujua nini kilinunuliwa, wakati mwingine daftari za maduka zipo. Lakini nini kilitokea pale mtu alipokaa na kitabu mkononi? Alicheka? Alisinzia? Aliruka kurasa? Hilo halipo kwenye risiti. Fikiria tu: kwa muuza vitabu, Pepys ni mteja aliyenunua Hudibras mara tatu. Ukiangalia mauzo peke yake utasema huyu alikuwa shabiki kufa. Ni shajara yake tu inayokwambia kwamba mtu huyu alikuwa anapigana na kitabu.

Ndiyo maana Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilianzisha mradi mwaka 1996 wa kukusanya kumbukumbu za watu waliosoma, kuanzia 1450 hadi 1945: shajara, barua, tawasifu, maandishi pembeni mwa kurasa, hata ushahidi wa mahakamani. Kumbukumbu zimefika zaidi ya 30,000. Nyingi ni za sentensi chache tu. Mtu kasema alisoma nini, wapi, na kilimfanyaje. Kila moja peke yake ni kama haina maana. Ukiziweka pamoja unapata kitu ambacho mhakiki mmoja hawezi kukupa, yaani watu wa kawaida wanasomaje hasa.

Na wanasoma kwa fujo, nawaambia. Dk. Samuel Johnson, aliyetunga kamusi kubwa ya Kiingereza ya 1755, aliulizwa na mtu kama amekimaliza kitabu fulani. Kwa mujibu wa Boswell, aliyeandika maisha yake, Johnson alimgeuzia swali kwa ukali: kwani wewe huwa unavimaliza vitabu? Huyu ni mtu aliyekuwa akihesabiwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa nchi yake. Wakati huohuo alisema kipo kitabu kimoja tu, cha Robert Burton kuhusu huzuni, kilichowahi kumtoa kitandani saa mbili kabla ya muda aliotaka kuamka. Kauli hizo mbili zinanifundisha kuhusu usomaji wa Johnson kuliko maelezo marefu ya wasifu wake.

Daftari la Jane Austen

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Jane Austen. Tunamjua kama mwandishi mkubwa, jina la kwenye silabasi. Lakini alipotoa Mansfield Park mwaka 1814 na Emma mwishoni mwa 1815, alifanya jambo la ajabu: aliwauliza ndugu, marafiki na majirani wamesemaje, akayaorodhesha maoni yao kwa mkono wake. Orodha hizo zipo hadi leo.

Hakuchuja. Mama yake mzazi alisema Mansfield Park hakuipenda kama Pride and Prejudice, na kwamba Fanny, mhusika mkuu, hana ladha. Wapwa zake wawili waligawanyika: mmoja alimkubali Fanny, mwingine hakumpenda kabisa na alivutiwa na Mary Crawford tu. Mama mmoja anayeitwa Augusta Bramstone alikiri kwamba riwaya mbili za mwanzo aliziona ni upuuzi mtupu, akatumaini hii ya tatu itakuwa nafuu, na alipomaliza juzuu ya kwanza akajipongeza kwamba sehemu mbaya zaidi ameshaivuka. Kuhusu Emma, msomaji mmoja alisema ina uhalisia mno kiasi cha kukosa mvuto. Mwingine alisoma sura ya kwanza na ya mwisho basi, kwa kuwa alisikia kitabu chenyewe hakinogi. Na huku upande wa pili Francis Jeffrey, mhariri wa Edinburgh Review, mhakiki aliyeogopwa, kitabu hicho kilimkesha usiku tatu.

Sasa jiulize. Mwandishi anaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mtu kasoma sura mbili tu za kitabu alichokihangaikia. Hambishii. Hamwambii arudi na hoja za kitaaluma. Anaandika tu, anaweka. Austen alielewa kwamba aliyechoshwa naye ni msomaji, na uchovu wake ni taarifa.

Kwetu taarifa hiyo inazimwa mapema. Mwaka jana kwenye semina moja mwenzetu alisema riwaya tuliyopangiwa ilimchosha kuanzia sura ya tatu. Darasa zima likacheka, na mwezeshaji akamwambia aende akajipange. Hakuna aliyemuuliza swali moja dogo: sura ya tatu kuna nini? Mimi nilikwenda kuangalia. Sura ya tatu ndipo msimulizi anapobadilika, na simulizi inarudi nyuma miaka mingi bila kumwandaa msomaji. Yaani yule bwana alikuwa ameligusa suala la usimulizi, kitu ambacho tunakitafutia alama kila siku, ila alilisema kwa lugha ya mtu aliyechoka. Angeulizwa, angefika. Hakuulizwa, na tangu siku hiyo nadhani hajachangia tena.

Siyo mambo ya wenye nafasi tu

Najua kuna atakayesema: hao walikuwa mabwana na mabibi, wana mishumaa na muda. Sisi tuna vipindi kuanzia saa moja asubuhi, foleni ya chakula, na bumu lenyewe limechelewa. Nani ana muda wa kuandika shajara ya vitabu?

Basi tuwaangalie wale ambao hawakuwa na muda wala pesa.

John Clare alizaliwa 1793 kwenye kijiji cha Helpston, baba yake kibarua wa mashambani. Akiwa na umri wa miaka kama 13 aliona kipande cha kitabu cha mashairi cha James Thomson, The Seasons, kikamshika moyo. Alitembea hadi mji wa Stamford kukinunua, akakuta ni Jumapili na duka limefungwa. Siku nyingine ya kazi akamlipa mwenzake hela kidogo amshikie zamu ya kuchunga farasi, akarudi, akakipata. Njiani alitamani kukisoma lakini hakutaka kuonekana. Mtoto wa kibarua anasoma kitabu barabarani siku ya kazi, watu wangemfikiriaje? Kwa hiyo aliruka ukuta wa bustani ya tajiri, Burghley Park, akajificha humo akasoma. Siku hiyo ndipo alipoanza kutunga. Mwaka 1820 kitabu chake cha kwanza cha mashairi kilitoka London.

Haya yote tunayajua kwa kuwa Clare aliyaandika. Ukuta ule unaniambia kitu ambacho hakimo kwenye uhakiki wowote wa The Seasons: kwa mtu wa tabaka lake kusoma kulikuwa karibu na kuiba. Kuiba muda wa mwajiri, kuiba kivuli cha tajiri.

Mwingine ni James Lackington, fundi viatu. Yeye na mke wake Nancy walianza maisha London wakiwa hawana kitu. Mkesha wa Krismasi walikuwa na nusu krauni tu ndani, ya kununulia chakula cha sikukuu. Akatoka kwenda sokoni, akapita duka la vitabu, akarudi na Night Thoughts, mashairi ya Edward Young. Chakula hakuna. Akamwelezea mkewe kwamba chakula kingeliwa kesho kikaisha, lakini kitabu watakifaidi miaka hamsini. Baadaye Lackington akawa muuza vitabu wa bei chee, pesa mkononi hakuna mkopo, na katika kumbukumbu zake za 1791 aliandika kwamba anauza zaidi ya vitabu 100,000 kwa mwaka. Hadithi tamu. Ila tukumbuke kwamba tunaipata kwa kalamu ya mume. Nancy, aliyelala njaa ya Krismasi, hakuacha daftari. Maoni yake kuhusu Night Thoughts ningelipia kuyasoma.

Wa tatu ni Thomas Cooper, naye fundi viatu, wa Gainsborough, aliyezaliwa 1805. Alijiwekea mpango kwamba hadi afikishe miaka 24 awe amejifunza misingi ya Kilatini, Kigiriki, Kiebrania na Kifaransa, jiometri na aljebra, na awe amehifadhi kichwani Paradise Lost yote ya Milton pamoja na tamthilia saba za Shakespeare. Huku anashona viatu kutwa. Aliamka alfajiri kabla ya kazi, akala huku kitabu kiko mbele yake. Kwenye tawasifu yake ya 1872 anasema wazi kwamba mpango haukutimia. Mwili uligoma: alikuwa anazimia, anaanguka chini jioni akitaka kunywa uji wake. Alipopona alifungua shule, akawa mwalimu.

Namtaja Cooper kwa makusudi, kwa sababu sisi tunapenda hadithi za msuli. Yule aliyekesha wiki mbili akapata A tunamfanya shujaa. Cooper alitimiza sehemu ya ndoto yake na bado akawa na ujasiri wa kuandika gharama yake. Kumbukumbu ya usomaji ikiwa ya kweli inakuwa na vitu hivi pia: njaa, macho kuuma, kuzimia.

Kwa hiyo suala la muda lina jibu. Clare, Lackington na Cooper hawakuwa na muda kutuzidi. Walichokuwa nacho ni imani kwamba kilichowapata wakiwa na kitabu kilistahili kuandikwa.

Unapojisoma mwenyewe

Kuna faida nyingine ambayo haihusu wanahistoria wala walimu. Ukiandika leo, kesho unaweza kujikuta umebadilika, na ushahidi unao.

Charles Darwin aliweka daftari za vitabu kuanzia 1838 hadi 1860: vya kusoma na alivyovisoma. Mwaka 1838 alikisoma kitabu cha Malthus kuhusu idadi ya watu, kwa kujiburudisha tu kama anavyosema mwenyewe, na humo akapata wazo lililomsaidia kujenga nadharia yake ya uteuzi asilia. Lakini jambo linalonigusa zaidi liko kwenye tawasifu aliyoiandika mwaka 1876 akiwa mzee. Anasema ujana wake alipenda sana mashairi na alimfurahia Shakespeare. Sasa hawezi hata kusoma mstari. Alijaribu tena Shakespeare, akamwona anachosha hadi kichefuchefu. Alisikitika. Alisema angepewa maisha mengine angejiwekea sheria ya kusoma mashairi kidogo na kusikiliza muziki walau mara moja kwa wiki, ili sehemu hiyo ya ubongo isife. Riwaya, hata hivyo, aliendelea kuzipenda akisomewa kwa sauti, mradi mwisho uwe wa furaha.

Mwanasayansi mkubwa anakiri kwamba kuna kitu kimekufa ndani yake. Asingelijua hilo kama asingekumbuka alivyokuwa anasoma zamani. Wenzangu wa sayansi mnaosema fasihi ni ya watu wa sanaa, hili lichukueni.

Virginia Woolf naye: Agosti 1922 alikuwa anasoma Ulysses ya James Joyce, na kwenye shajara yake alimnanga vibaya, akamwona mwandishi kama kijana wa chuo anayehangaika na chunusi zake. Januari 1941 Joyce alipofariki, Woolf alirudi kwenye kumbukumbu ya usomaji ule, akakubali kwamba kulikuwa na mshangao humo pamoja na kuchoka. Hakufuta la kwanza. Yote mawili yapo, na ukiyasoma pamoja unamwona mtu anafikiri.

Hatari ya upande wa pili

Sitaki kuwafanya Waingereza hawa malaika. Kuandika unachofikiria kuhusu vitabu kunaweza kuwa silaha, na sisi tunaishi na matokeo yake.

Thomas Macaulay alikuwa msomaji wa kutisha. Akiwa India miaka ya 1834 hadi 1838 alisoma waandishi wa Kigiriki na Kilatini kwa mafungu, na alikuwa na tabia ya kuandika tarehe ya kumaliza kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu. Mtu makini, basi. Lakini tarehe 2 Februari 1835 mtu huyohuyo aliandika waraka wa elimu kwa serikali ya kikoloni ya India. Humo alikiri kwamba hajui Kisanskriti wala Kiarabu, kwamba amesoma tafsiri tu na kuzungumza na waliozijua lugha hizo. Halafu akatangaza kwamba rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya ina thamani kuliko maandiko yote ya India na Arabuni. Mwezi uliofuata serikali iliamua fedha za elimu zielekezwe kwenye Kiingereza.

Tofautisha na Pepys. Pepys anasema: nimekisoma, sikukipenda, labda ni mimi, ngoja nirudie. Macaulay anasema: sijavisoma kwa lugha zake, lakini hukumu ninayo. Ya kwanza ni kumbukumbu ya usomaji. Ya pili ni amri iliyovaa nguo za usomaji.

Na swali la rafu gani ikae katikati lilifika hadi kwetu. Mwaka 1968 pale Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe, ili fasihi ya Afrika iwe kitovu na nyingine zizunguke hapo. Vita hiyo ilihusu vitabu vipi visomwe, na ilikuwa ya lazima. Lakini kuna nusu ya pili ambayo haijapiganwa: hata tulipobadilisha vitabu, namna ya kuvisoma ilibaki ileile. Tuliondoa Milton tukaweka watu wetu, kisha tukawakariri watu wetu kama Milton. Mwanafunzi wa kidato cha tatu leo anajua dhamira sita za riwaya ambayo hajaifungua. Hilo ni zao la Macaulay pia: hukumu inatangulia, kusoma kutafuata kukiwa na nafasi.

Tufanyeje

Mapendekezo yangu ni madogo na hayahitaji bajeti.

Kwanza, daftari. Lile la mia tano linatosha, au simu kama unaogopa kulipoteza. Kila unachosoma andika tarehe, jina la kitabu, umekipataje (maktaba, kuazima, PDF ya kutumiwa kwenye kundi), umeishia ukurasa wa ngapi, na sentensi moja ya kweli. Usiandike muhtasari, mtandaoni imejaa. Andika kilichokupata wewe. Bibi Margaret Hoby wa Yorkshire, aliyeweka shajara kati ya 1599 na 1605, mara nyingi aliandika tu kwamba amesoma Biblia au amesomewa kitabu cha dini huku anafanya kazi za mkono, bila kusema amefikiri nini. Alikuwa anajihesabu mbele ya Mungu, na hiyo ni haki yake. Ila sisi tuongeze ile sentensi.

Pili, tusiandike kwenye vitabu vya maktaba. Coleridge alikuwa akiazima vitabu vya rafiki zake anarudisha vimejaa maandishi pembeni, na rafiki yake Charles Lamb aliona thamani imeongezeka. Sawa. Lakini vile vya kwetu vyenye mistari ya peni nyekundu na neno "MUHIMU!!" kila aya havijaongezeka thamani yoyote.

Tatu, jarida hili litenge ukurasa mmoja kila toleo kwa sentensi hizo, kwa jina au bila jina. Kitabu cha kozi kilichokuboa kiwepo, riwaya ya mapenzi uliyoisoma usiku mzima kabla ya mtihani iwepo, kitabu cha dini kiwepo. Baada ya miaka mitano chama chetu kitakuwa na kitu ambacho hakuna ripoti ya maktaba inaweza kukitoa. Maktaba inajua vitabu vilivyoazimwa. Haijui kilichotokea bwenini.

Nne, na hili ni kwa sisi wa elimu. Tukienda mazoezi ya kufundisha, kabla ya kuandika ubaoni "Fani na Maudhui", tuwape wanafunzi dakika tano waandike sentensi moja: ulipofika wapi ukataka kuacha, au ulipofika wapi hukutaka kuacha. Tusisahihishe. Tusome kwa sauti bila majina, halafu tuanzie hapo. Aliyeandika "nilichoka sura ya tatu" tumuulize sura ya tatu kuna nini. Najua mtihani wa taifa hauulizi hivyo. Lakini mwanafunzi aliyeulizwa swali hilo atakuwa amekisoma kitabu, na mwenye kukisoma hatashindwa kueleza dhamira.

Kuna wanaosema kumbukumbu za namna hii haziaminiki, watu wanaandika kujionyesha, na wengi waliosoma hawakuandika kabisa. Ni kweli. Nancy Lackington ni mfano. Wanawake, watumishi na vibarua ni wachache kwenye kumbukumbu za Uingereza ukilinganisha na mabwana. Lakini hiyo ni sababu ya kuongeza sauti. Sisi hapa ni watoto wa wakulima, wa machinga, wa walimu wa shule za msingi, na wengi wetu ndio wa kwanza kufika chuo kwenye koo zetu. Baada ya miaka mia mtu akitaka kujua vijana wa aina yetu walisoma nini na kiliwafanyaje, atakuta matokeo yetu ya mitihani. Atakuta sote tuliandika kwamba ni kazi bora iliyosheheni tamathali za semi.

Muhula unaanza Jumatatu. Orodha ya vitabu imeshabandikwa ubaoni, vinne vya lazima na sita vya ziada. Nanunua daftari wiki hii, na sentensi yangu ya kwanza nitaileta kwa mhariri kabla ya toleo lijalo. Leteni na zenu, hasa kama kitabu mlikiacha njiani.